Saa Ndani ya Begi

Siku nne mfululizo mtoto alishindwa kulia.

Walimkatia kitunguu chini ya pua, akapiga chafya. Wakamwambia afikirie jambo la huzuni, akafumba macho, akafikiri, kisha akafumbua jicho moja na kuuliza, "La huzuni kiasi gani?" Darasa zima likaangua kicheko, na mwongozaji wa filamu akapiga kelele "Kata!" mpaka sauti ikamkauka. Wanafunzi walishampa jina tangu siku ya kwanza: Bwana Kata.

Bwana Kata na wenzake wawili walikuja shuleni na kamera mbili, taa, na nyaya za kumwangusha kila mtu, ili watengeneze filamu ya maisha ya shule. Ilikuwa filamu ya kufundishia uadilifu. Saa ya mwalimu mkuu inapotea, inakutwa kwenye begi la msichana ambaye hakuiba, na wenzake darasani wanatakiwa waamue: wamtetee, au kila mmoja ainamie daftari lake. Mwishoni yangekuja maswali, ili kila shule itakayoiona ijadili lipi ni sawa na lipi si sawa.

Msichana walimchagua kwa ajili ya mdomo wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu alipojua kusema aliitwa Chiriku, maana akianza hakuna wa kumzima. Mbele ya kamera alitembea vizuri, akacheka vizuri, akajibu vizuri. Kulia tu ndiko kulikomshinda.

Mama yake aliyaona yote hayo kutokea dirishani, ufagio mkononi. Alikuwa mfagizi wa shule hiyo, mwaka wa tisa sasa. Kila asubuhi alifungua milango kwa funguo kumi na nne alizozifunga kwenye kamba ya kiatu, akadeki madarasa na ofisi, halafu akaenda vyooni. Dawa ya vyoo ilishamla kucha ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Haikuota tena, pale palibaki nyama laini inayong'aa, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakipanga mstari kuomba waiguse.

Siku ya nne, saa tisa na nusu alasiri, mwalimu mkuu alimwita.

Bwana Kata alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, viatu amevua. Mama Chiriku akasimama mlangoni, kwa sababu ndala zake zilikuwa na maji na sakafu aliideki mwenyewe.

"Ingia, mama, ingia. Sakafu si yako hiyo?" Mwalimu mkuu akacheka peke yake.

"Mwanao ana kipaji," Bwana Kata akasema. "Tatizo lake anajua kuwa ni maigizo. Akiiona kamera anajua hakuna baya litakalompata. Sasa mimi nataka mara moja tu asijue."

"Asijue nini?"

"Asijue kama tunaigiza. Kesho watoto wakiwa mstarini, saa inaingia kwenye begi lake. Wakirudi darasani mwalimu mkuu anatangaza wizi, anapekua. Kamera wameshazizoea, tutawaambia tunapiga darasa tu. Atalia. Dakika mbili, tatu. Nikisema kata tunamwambia ukweli, tunampigia makofi, yamekwisha."

Mama Chiriku akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa anaivua saa yake mkononi taratibu, kama mtu anayejiandaa kunawa.

"Na mimi naingiaje hapo?"

"Wewe ni mzazi, lazima ukubali. Halafu watu wangu wakionekana wanashika mabegi, watoto watahisi kitu. Wewe unaingia madarasani kila siku. Wewe hakuna anayekuona."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama fundi anayeisifu nyundo.

"Yule mtoto anaamini watu," mama akasema. "Mngemwacha ajaribu tena. Labda kesho..."

"Mama Chiriku," mwalimu mkuu akamkatiza. "Muhula ujao usafi unachukuliwa na kampuni. Wanakuja na watu wao. Nimeruhusiwa kubakiza mfagizi mmoja kwenye ajira ya shule. Mmoja. Nyinyi mko watatu." Akaiweka saa mezani, kioo juu. "Sikulazimishi. Nasema tu kwamba nitakapokaa kuandika jina, nitakumbuka nani alishirikiana na shule na nani hakushirikiana."

"Naomba nifikirie."

"Fikiria. Mpaka kengele ya saa kumi."

Ilikuwa imebaki nusu saa. Aliitumia kudeki korido ambayo tayari ilikuwa safi. Kengele ilipolia alirudi, akaichukua saa, akaifunga kwenye pembe ya kitambaa chake cha kujifutia jasho. Kwenye pembe ya pili palikuwa na fundo jingine.

Nyumbani kwao kilikuwa chumba kimoja: kitanda cha bibi, godoro la mama na mtoto, na jiko nyuma ya pazia. Chiriku alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyofunikwa, anamwigizia bibi yake jinsi Bwana Kata anavyorusha kofia chini.

"Anaruka hivi, bibi! Halafu anaiokota mwenyewe, anaipangusa, anairusha tena!"

"Na wewe kulia ndiko kunakushinda? Ningekuazima babu yako wiki moja, ungelia bila kitunguu."

Mama aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua ndala. Bibi akakiona kitambaa.

"Shule imetukumbuka leo?"

Kila Alhamisi shule iliwakumbuka. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye ndoo za wiki, viganja viwili au vitatu, ilifungwa kwenye pembe ya kitambaa ikaja nyumbani. Chiriku alijua inakotoka. Alijua pia kwamba jirani akiuliza mbona nguo zinanukia, jibu ni "ya dukani". Alishafundishwa, na hakuwahi kukosea.

Akaruka kutoka kwenye ndoo. "Nifungue mimi!" Akashika fundo, lakini alishika lile jingine. Ndani yake palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, chenye mkanda.

"Acha!" Mama akamnyang'anya kwa nguvu mpaka kitambaa kikamchapa mtoto shavuni.

"Ni nini hiyo?"

"Si chako. Nenda ukateke maji."

Chiriku akachukua ndoo. Mlangoni akageuka amtazame mama yake mara moja, kisha akaenda bila kuimba, jambo ambalo hata bibi aliliona.

Asubuhi kengele ya mstari ilipolia, watoto waliacha mabegi wakakimbilia uwanjani. Mama Chiriku akaingia darasa la sita na ufagio, akafunga mlango.

Dawati la mwanawe lilikuwa safu ya tatu. Begi alilishona mwenyewe kwa mguu wa suruali ya marehemu mumewe. Zipu ilikufa zamani, na mdomo wake ulifungwa kwa pini. Akaifungua pini. Akaiweka saa chini ya madaftari, akakumbuka waliyomwambia kwamba itoke kwa urahisi, akaisogeza juu kidogo kwa kidole gumba. Kisha akafunga pini na kulilaza begi kama alivyolikuta.

Kamera kubwa ilisimama pembeni, imefunikwa kitambaa. Ile ndogo ilikuwa juu ya kabati, karibu, na kitaa chekundu kikimetameta. Alikiona. Lakini vitu vyote vya wale watu vilikuwa na vitaa, hata vile vya kuchajia, na aliambiwa kamera zitawashwa watoto wakisharudi. Akafagia mlangoni alipokuwa anatoka, akaenda kusimama nje ya dirisha. Sharti la Bwana Kata lilikuwa moja: asiingie mpaka asikie "kata".

Mwalimu mkuu aliingia akiwa amekunja uso. Alijitayarisha vizuri.

"Saa yangu imeibwa. Ilikuwa mezani kwangu, ofisini. Mlango nilifunga mwenyewe kwa ufunguo. Hakuna atakayetoka humu mpaka ipatikane."

Watoto wakatazamana. Chiriku alikuwa anatabasamu bado, anadhani ni mchezo wa jana unaendelea. Kisha maneno yakamfikia moja moja. Saa. Ofisini. Ufunguo. Ufunguo wa ofisi walikuwa nao watu wawili tu, na mmoja ndiye aliyekuwa anaongea. Vidole vyake vikakumbuka kile kitu cha mviringo ndani ya fundo. Tabasamu likamwisha.

Mabegi yalipekuliwa kuanzia safu ya mbele. Peni, mihogo, kitana, mwanasesere aliyezua kicheko. Safu ya pili. Safu ya tatu. Mwalimu mkuu akafungua pini, akatia mkono, akaitoa saa akiishika kwa mkanda, ikining'inia mbele ya darasa zima.

"Hii ni nini?"

Hapo ndipo mtoto alitakiwa alie, aseme si mimi, aape. Bwana Kata alikuwa ameinama nyuma ya kamera, mdomo wazi. Chiriku akasimama.

"Nimeiba mimi."

Mwalimu mkuu akamtupia jicho Bwana Kata, naye akamzungushia mkono kwa nguvu: endelea, endelea.

"Umeiba... umeingiaje ofisini?"

"Nilichukua funguo za mama akiwa amelala. Mama hajui chochote. Mama hata hajui kusoma saa."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo, na alilisema haraka haraka kama mtu anayerundika mawe mlangoni.

"Mwizi!" sauti ikatoka nyuma. Aliyekaa naye dawati moja, ambaye jana yake walikula pamoja, akavuta madaftari yake na kusogea ukingoni.

"Piga magoti," mwalimu mkuu akasema.

Akapiga magoti kwenye sakafu ambayo mama yake aliideki alfajiri. Kichwa kilipoinuka macho yake yakakutana na ya mama yake dirishani, na ndipo machozi yakaja, mengi, bila sauti. Akamtikisia mama kichwa. Kidogo sana, kulia na kushoto. Usiingie. Nyamaza. Nimeshamaliza.

Mama Chiriku alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Midomo yake ilifunguka. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na nafasi ya kulisema ilikuwepo, ndefu, kwa sababu Bwana Kata alikuwa bado hajasema lake. Akamwona mpiga picha akisogea taratibu kwa magoti kuufuata uso wa mtoto. Akangoja. Akaendelea kungoja.

"Kata! Kata! Jamani, kata!" Bwana Kata alirusha kofia juu. "Ilikuwa maigizo, wanangu! Hakuna mwizi hapa! Mpigieni makofi!"

Wakapiga, wachache kwanza. Mwalimu mkuu akamwinua Chiriku, akampangusa magoti.

"Nani aliiweka?" mtoto akauliza.

Bwana Kata aliutazama uso uliokuwa dirishani, akaona namna ulivyokuwa unamwomba.

"Watu wetu," akasema.

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Hakuamini hata kidogo. Watu wao hawakuwa na funguo. Kila asubuhi walikuwa wanamgongea mama yake awafungulie mpaka choo.

Jioni walitembea pamoja kurudi nyumbani. Walipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala, pasipo na watu, mtoto akasimama.

"Mama, walikukamata?"

"Nani?"

"Niliigusa jana kwenye fundo. Najua ulikuwa nayo. Uliiweka kwangu ili wasikukute nayo, si ndiyo? Halafu wakakugundua, wakasema ni maigizo ili wasikuaibishe." Akavuta kamasi. "Mwalimu mkuu ni mtu mzuri."

Mama Chiriku aliangalia ukuta. Mambo mawili yalikuwa mbele yake na hakuna la tatu. Angeweza kuwa mwizi, na mtoto huyu angeendelea kumficha, kama alivyomficha leo mbele ya watu arobaini. Au angeweza kuwa yule aliyeichukua saa mezani akijua yote, akaifunga kwenye kitambaa, akasimama dirishani na kungoja. Aliyapima kwa muda mfupi kuliko anaotumia kuchagua nyanya.

"Ndiyo," akasema. "Walinikamata."

Chiriku akamshika mkono, akakishika kile kidole kisicho na kucha.

"Usirudie tena, mama."

"Sirudii."

"Hata sabuni."

"Hata sabuni, mwanangu. Nakuapia."

Shule iliwaeleza watoto mara mbili mstarini kwamba yale yalikuwa maigizo. Watoto walisikia, ila walikuwa wamesikia pia kwa masikio yao mtu akisema nimeiba mimi, na hakuna aliyewaonyesha karatasi alimoyasoma hayo. "Chiriku, saa ngapi?" wakawa wanamuuliza kila apitapo. Kifutio kikipotea, shingo zote ziligeukia safu ya tatu. Aliyekaa naye aliomba ahamishwe, akahamishwa. Mwanzoni Chiriku alijibu, tena kwa mizaha. Baadaye akaona kila jibu linazaa saa ngapi nyingine tano, akanyamaza. Bibi alimuuliza kama meno yanamuuma.

Muhula mpya kampuni ilikuja. Wafagizi wawili wakakabidhi ndoo zao na kuondoka. Mama Chiriku akapewa barua ya ajira na koti jipya la bluu. Nyumbani nguo zilifuliwa kwa maji matupu, zikaanza kufubaa.

Mwezi wa tatu wa muhula huo filamu ikaletwa ionyeshwe. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Wazazi walikaa kwenye viti, darasa la kwanza chini kabisa mbele, na Mama Chiriku, ndani ya koti lake, akawekwa safu ya wageni. Alijaribu kukataa. Mwalimu mkuu akamkalisha kwa mkono begani.

Filamu ikaanza na kengele, watoto wakikimbia, wengi wakapiga kelele kujiona. Kisha darasa tupu. Kisha, ukuta mzima, mkono. Mkono ulifungua pini, ukaingiza saa, ukaisogeza kwa kidole gumba kisicho na kucha, kikubwa kama mlango.

"Kidole cha Mama Chiriku!" darasa la kwanza wakapaza sauti kwa furaha. "Kile pale! Kidole chake!"

Safu ya darasa la sita ilikuwa nyuma, gizani. Hakuna aliyeweza kumwona Chiriku. Yeye aliona kila kitu, na hata wakati huo alijitahidi: wamempiga picha akificha, akajisemea, masikini mama, wamemwanika mbele ya watu.

Taa zikawashwa. Bwana Kata akashika kipaza sauti.

"Wengi mtauliza yale machozi tuliyapataje. Yalikuwa ya kweli, ndugu wazazi. Mtoto hakujua. Aliyejua ni mama yake. Tulikaa naye ofisini siku moja kabla, tukamweleza kila hatua, akakubali, akaiweka saa kwa mkono wake mwenyewe, akasimama dirishani akitazama mpaka mwisho bila kutuharibia kazi. Mwaka wa kumi na tano huu nafanya kazi hii, sijapata mzazi mwenye moyo kama huyu. Mama, simama tukuone."

Hakusimama. Mwalimu mkuu akamwinua kwa kiwiko. Makofi yakapigwa, ya nguvu, na mama mmoja nyuma akapiga vigelegele.

"Sasa maswali," mwalimu mkuu akasema, karatasi mkononi. "Swali la kwanza. Ungekuwa wewe ndiye msichana huyu, ungefanya nini? Mnaonaje tukimuuliza mwenyewe?"

Kipaza sauti kikapitishwa safu kwa safu mpaka nyuma. Chiriku akakishika.

"Ningesema si mimi," akasema.

"Vizuri! Halafu?"

"Halafu mngeendelea kutafuta. Mngempata."

"Safi sana!" mwalimu mkuu akasema, akaandika kitu kwenye karatasi. "Hilo ndilo jibu. Kusema kweli. Swali la pili..."

Bibi alikuwa amekaa kitandani akingoja, amevaa kitambaa chake kizuri kichwani kana kwamba naye alialikwa.

"Haya, nyota wangu! Sinema ilikuwaje?"

"Nzuri, bibi." Chiriku alivua sare, akaitumbukiza kwenye beseni. "Mama ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote."

"Mama yako? Huyu? Huyu hata kudanganya umri hajui!" Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Mama alikuwa bado mlangoni, koti la bluu mwilini, amelishikilia kifuani kama linataka kumtoka. Mtoto alisugua sare. Maji yalibaki meupe, na kola ilibaki na weusi ule ule.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Alhamisi lete sabuni."

"Nilikuapia mwanangu kwamba..."

"Lete tu."

"Hilo ndilo neno!" bibi akadakia. "Miezi yote hii naoga kama samaki. Mwambie, mjukuu wangu, mwambie!"

Chiriku akaikamua sare, akaikung'uta, akapita karibu na mama yake kwenda kuianika. Alisimama hapo mlangoni kidogo tu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetoa maagizo ya dukani.

"Lete. Safari hii wakiuliza, nitawaambia ni wewe."